BARUA YA ISIOLO: Idi ya Kuchinja na Mbuzi wa Deni

Wasomaji wa sehemu za kilimo, ambao sherehe zao hufuata mvua na mavuno, huenda wakashangaa kusikia ya kuwa sikukuu kubwa ya hapa Isiolo haina majira yake. Idi ya Kuchinja hufuata mwezi, na kila mwaka hutangulia kwa siku zipatazo 11. Mwaka 2013 iliangukia katikati ya Oktoba, wakati mfugaji angojapo mvua za vuli, ambazo Waborana huziita hagaya. Mwaka 2024 iliangukia katikati ya Juni, baada ya masika. Kwa karani wa mjini tofauti hiyo si kitu. Kwa mwenye mifugo ni jambo kubwa, maana kabla ya vuli mnyama amekonda, na sheria ya Kiislamu haimkubali aliyedhoofika mno, wala kiwete, wala chongo.

Mambo ya siku yenyewe yajulikana: kuoga, nguo safi, sala ya jamaa, ndipo kisu. Nyama hugawanywa mafungu matatu, la nyumbani, la jamaa na majirani, na la maskini. Sisi Wakristo tukaao miongoni mwao twaletewa sahani vilevile.

Kazi iliyo kubwa ni ya akina mama. Nyama hukatwa vipande vyembamba, huanikwa hata ikauke, kisha hukatwa vidogo vidogo na kukaangwa kwa mafuta mpaka maji yote yaishe. Hiyo ndiyo nyirinyiri, nayo hukaa miezi katika mafuta yake bila kuoza. Nyumba kadha wa kadha za mjini sasa zina friji, na vijana wapenda nyama ya kuchoma. Lakini umeme hukatika, na nyirinyiri haiujui umeme. Kwa Waborana huandaliwa pia buni nzima zilizokaangwa kwa samli, nao wazee hupewa kwanza, wakaomba baraka.

Lakini liko jambo linalotusumbua. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na katika nchi kame za Kenya ilikufa mifugo zaidi ya milioni 2. Aliyezoea kuchagua dume zizini mwake akawa hana budi kwenda mnadani, na Idi ikikaribia bei hupanda. Hapo wengine hukopa, ili watoto wao wasione haya mbele ya watoto wa jirani.

Kwa maoni yetu deni hilo halina lazima. Katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na wengi hapa, kuchinja ni sunna iliyokokotezwa kwa mwenye uwezo; asiyekuwa nao hana dhambi. Tena watu saba waruhusiwa kushirikiana ng'ombe mmoja, au ngamia mmoja. Wako pia waliopewa mitamba na ukoo wao kwa desturi ya Waborana iitwayo busa gonofa, ili waanze kufuga tena. Mtamba huyo ni maziwa ya watoto. Asiuzwe ili kununua beberu wa siku moja.

Wanaotaka kushirikiana waanze kuchanga mapema. Ng'ombe na awe ametimiza miaka 2, na ngamia miaka 5, nao wazima wa umri huo ndio wanaonunuliwa kwanza.