Bwana Shamba Anajibu: Mtoto wa Chuo na Kodi ya Mzazi



Mwezi uliopita nilikuwa Nkunga kukagua migomba. Mwalimu mmoja alinisimamisha njiani. Hakuuliza habari za migomba. Alisema hivi: "Bwana shamba, binti yangu ana miaka 20. Yuko chuoni. Ada nalipa mimi, chakula nanunua mimi. Nasikia huko Marekani mzazi kama mimi hupunguziwa kodi. Je, na hapa kwetu?"

Habari za Marekani ni kweli. Huko mzazi anayemtunza mwanafunzi wa chuo anaweza kumwandika kuwa tegemezi wake, ikiwa hajatimiza miaka 24. Hapa kwetu sivyo. Kodi ya mshahara hutazama mshahara tu. Shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi kodi. Zinazozidi hapo hutozwa, kuanzia asilimia 8. Mwalimu asiye na mtoto na mwalimu mwenye watoto 3 chuoni, kama mshahara wao ni sawa, kodi yao ni sawa. Mimi sioni kuwa ni haki, lakini ndiyo sheria. Hata ushuru wa mazao hauulizi mkulima ana watoto wangapi.

Serikali humtazama mtoto wa chuo mahali pengine. Ni kwenye Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Huko ndiko hali ya mzazi huulizwa. Ana kazi gani? Yu hai au amefariki? Mkopo ni wa mtoto, si wa mzazi. Akiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe.

Shida ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo vilevile.

Mimi nilipuuza. Kwenye cheti cha kuzaliwa cha mwanangu, jina la ukoo lilizidi herufi moja kuliko kwenye cheti cha shule. Nililijua jambo hilo miaka 6. Tulipoanza kulishughulikia, siku za maombi zilikwisha. Mwaka ule niliuza mtamba mwenye mimba ya miezi 5 nikalipa ada. Mimi ninayewakataza ninyi kuuza mitamba! Majirani walinicheka sana.

Mwaka 2013 watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Mbeya walianza kuandikishwa bure. Wakubwa wao sasa wamefika umri wa kidato cha 5 na cha 6. Kitoe cheti sandukuni leo. Keti na mtoto, mkisome herufi kwa herufi, pamoja na cheti chake cha shule. Majina yakitofautiana, au kama cheti hakuna, nenda kwa msajili katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, Tukuyu. Usingoje matokeo ya mtihani. Maombi ya mkopo hufunguliwa katikati ya mwaka, na siku zake ni chache.

Mwezi ujao tutarudi kwenye migomba.