TAHARIRI: Moto wa Nyika Tusiusingizie Kadari

Kila mwaka, mvua za masika zinapokatika na nyasi kuanza kukauka juu ya vilima vya Karagwe na Kyerwa, wakazi wa Nyaishozi na vijiji jirani hujua kwamba msimu wa moto umewadia. Kuanzia Juni hadi Agosti moshi huonekana mchana, na usiku mioto hupanda miteremko. Tumeizoea mno hali hii. Wengi wetu huitazama tu kwa mbali, mpaka siku moto unaposhuka na kuingia kibanjani.

Hapo ndipo husemwa kuwa ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Hakuna Mwislamu anayeikana kadari. Lakini yatupasa tuulize: ni nani aliyewasha kiberiti? Radi huandamana na mvua, na katikati ya Julai mvua haipo. Mioto mingi ya nyika katika nchi yetu huwashwa na watu: mkulima asafishaye shamba, mfugaji atakaye majani machanga, mrina asali aliyeuacha mwenge wake, mchoma mkaa aliyeondoka kabla tanuri halijapoa, na mwindaji afukuzaye wanyama. Aliyewasha moto kwa mkono wake hana haki ya kuitupia kadari dhamana yake.

Hasara yenyewe si ndogo. Mizizi ya mgomba iko juujuu, na matandazo ya nyasi ambayo mkulima hodari huyaweka ili kuhifadhi unyevu ndiyo hayo hayo yanayoufikisha moto shinani. Mkahawa uliopandwa upya huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kuzaa. Hivyo mjane anayesomesha watoto kwa kahawa akiunguliwa leo, hapotezi mavuno ya msimu mmoja tu. Kisha mvua za Septemba hukikuta kilima kikiwa kitupu, zikauchukua udongo hadi bondeni. Asemaye kuwa majivu ni mbolea amesema nusu ya ukweli: madini kidogo hubaki kwa muda mfupi, lakini naitrojeni huondoka na moshi.

Wanazuoni wa fiqhi wamelieleza jambo hili bayana. Mtu akiwasha moto shambani mwake kwa uzembe, kwa mfano wakati wa upepo mkali, nao ukavuka na kuunguza mali ya jirani, yampasa alipe. Nayo Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 imeweka masharti juu ya uchomaji wa mimea. Lakini vijijini kwetu aliyewasha mara nyingi hujulikana na hasemwi, kwa sababu ni shemeji, ni jirani, au ni mwenye ng'ombe wengi. Ukimya huu humdhulumu aliyeunguliwa kwa mara ya pili.

Hatusemi kwamba moto utakoma kabisa. Mnamo Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro, wenye hifadhi ya taifa na askari wake, uliungua kwa siku kadhaa huku mamia ya watu wakipanda kuuzima. Huko California, Marekani, mji wa Paradise uliteketea Novemba 2018 na watu 85 wakafa, katika nchi yenye magari na ndege za zimamoto. Kwa hiyo busara ni kujiandaa kuishi na moto, na maandalizi hayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, kila kaya ifyeke na kufagia nyasi kavu kuizunguka nyumba, hasa ile ya kuezekwa kwa nyasi, na kuondoa kuni zilizoegemezwa ukutani. Nyumba nyingi huwashwa na cheche zilizobebwa na upepo kabla ndimi za moto hazijafika. Pili, majirani washirikiane kulima njia za kukinga moto kati ya nyika na vibanja. Ukanda wa mwisho wa kibanja unaopakana na nyika uachwe bila matandazo makavu. Tatu, anayelazimika kuchoma apate idhini, awaarifu majirani, achome mapema nyasi zingali na unyevu, jioni upepo unapotulia, wala asiondoke mpaka kaa la mwisho limezimwa.

Nne, tujue namna ya kupambana nao. Moto hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyoshuka. Mwinuko ukiongezeka nyuzi 10, kasi yake huweza kufikia mara mbili. Basi asithubutu mtu kusimama juu ya mteremko akiungojea. Upigwe kwa matawi mabichi kutoka ubavuni, kuanzia upande uliokwisha kuungua. Aliyezingirwa akimbilie ardhi tupu au iliyokwisha kuungua. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114, lakini gari halifiki kila kilima, na mara nyingi wa kwanza kufika atakuwa jirani.

Misikiti nayo ina kazi hapa. Tunapendekeza kila jamaa, kwa kushirikiana na serikali ya kijiji na majirani wasio Waislamu, iandike majina ya wazee, wagonjwa na wajane wanaoishi karibu na nyika, na kumtaja kijana atakayekwenda kumwondoa kila mmoja wao. Kipaza sauti kiwatangazie watu wote moto unapoonekana. Maimamu walizungumzie jambo hili katika hotuba za Ijumaa za Mei, kabla ya kiangazi. Na pale jirani anapounguliwa, wazee wamkalishe mhusika, wakadirie hasara, na kuhakikisha inalipwa bila kutazama ukubwa wa mtu.

Mtume (s.a.w.) alituagiza kuuzima moto majumbani kabla ya kulala. Ikiwa moto mdogo wa jikoni umepewa tahadhari hiyo, vipi ule unaoachwa nyikani huku mwenyewe akienda kulala? Tawakkul ya kweli hufuata baada ya kufyeka, kulima na kulinda.

Mwenyezi Mungu atupe taufiki ya kuwa majirani wema, na azihifadhi nyumba na mashamba yetu. Amin.