Davis hakubebwa, na hahitaji kupambwa

Wapo wanaosema kwamba Benjamin O. Davis Jr., kamanda wa marubani weusi wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, alipanda vyeo kwa mbeleko ya baba yake. Kweli, mzee alikuwa afisa, na mwaka 1940 akawa mtu mweusi wa kwanza kufikia ujenerali katika jeshi la nchi hiyo. Lakini mbeleko hiyo ilimsaidia nini kijana pale West Point, chuo cha kijeshi? Aliingia chuoni mwaka 1932, na kwa miaka minne wanafunzi wenzake walimsusa: hakuna aliyemsemesha ila kwa jambo la kazi. Alilala peke yake chumbani, akala mezani bila kuambiwa neno. Walitaka achoke, aondoke. Alihitimu mwaka 1936 akiwa wa 35 kati ya 276. Hata hivyo, alipoomba kujiunga na urubani alikataliwa, kwa kuwa jeshi la anga bado halikuwa na kikosi cha watu weusi.

Dai la pili lilizaliwa jeshini kwenyewe. Mwaka 1943 Kanali William Momyer aliandika kwamba Skwadroni ya 99, kikosi cha marubani weusi ambacho Davis alikiongoza kutoka Afrika Kaskazini hadi Sicily, haikuwa na ari ya kupigana. Wakubwa wake wakapendekeza iondolewe mstari wa mbele, ipewe doria ya pwani. Ilikuwa hukumu ya dhuluma. Marubani hao walifika vitani bila mkongwe hata mmoja miongoni mwao wa kuwaonyesha njia, na kazi waliyopewa zaidi ilikuwa kushambulia shabaha za ardhini. Utaangushaje ndege ya adui usiyekutana naye? Davis aliitwa Washington, akakitetea kikosi chake mbele ya kamati ya Wizara ya Vita. Januari 1944, juu ya Anzio, Italia, skwadroni hiyo hiyo iliangusha ndege zaidi ya 10 za Wajerumani ndani ya siku mbili. Uchunguzi wa jeshi ukakiri kwamba haikutofautiana na skwadroni nyingine zilizorusha ndege za kivita za P-40 katika Mediterania.

Wengine humpa Rais Truman sifa yote ya kuvunja ubaguzi jeshini. Amri ya Julai 1948 ilikuwa yake, lakini Davis ni miongoni mwa waliochora mpango wa kuitekeleza katika jeshi la anga. Alistaafu mwaka 1970 akiwa luteni jenerali. Nyota ya nne aliipata mwaka 1998.

Dai linaloniudhi zaidi ni la wanaompenda: eti ndege za kivita za mikia myekundu alizoziongoza hazikupoteza hata ndege moja ya mabomu iliyosindikizwa nazo. Si kweli. Mwanahistoria wa jeshi la anga, Daniel Haulman, alipekua kumbukumbu za vita akakuta 27 zilizoangushwa na ndege za adui. Vikosi vingine vya ndege za P-51 katika Jeshi la Anga la 15, alilolitumikia Davis, vilipoteza wastani wa 46 kila kimoja. Tofauti hiyo mara nyingi huelezwa kwa amri ya Davis: rubani asiiache ndege anayoilinda akakimbilia kujitafutia sifa. Ukimsimulia mwanao habari za Davis, mtajie hizo 27, kisha mweleze amri hiyo.