Tamthilia Isiyoijua Isha

Kila Ramadhani hurudia shere ile ile. Wanaume wamo msikitini katika tarawehe, wanawake wamemaliza kuosha vyombo vya futari na wamesimama kwa sala yao, na wakati huo huo, katika televisheni ya ukumbini, kisa kinafika kileleni. Sala ikishakwisha, mhusika mmoja ameshaachwa, mwengine ameshatiwa jela, na mtazamaji wa Kikwajuni au wa Wete anabakishiwa tangazo la sabuni. Wapangaji wa vipindi walioko Dar es Salaam hawakukusudia kutudhulumu. Hawakutufikiria tu, na hilo ndilo ninaloliona zito zaidi.

Kiswahili ni kimoja, lakini saa zake za tamthilia ni mbalimbali. Nchini Kenya taarifa ya habari ya Kiswahili husomwa saa moja usiku na ile ya Kiingereza saa tatu. Katikati yake ndipo tamthilia ya Kiswahili ilipojipatia makao. Tanzania Bara mhimili wa usiku ni habari ya saa mbili, na visa hupangwa kuizunguka. Huku kwetu usiku haugawiwi na habari. Unagawiwa na Magharibi na Isha, na mtu mzima hakai kitako kutazama kisa cha watu mpaka hizo mbili ziwe nyuma yake.

Atatoka mtu aseme kwamba biashara haiwezi kutii adhana. Basi na atazame Misri na Shamu, ambao wameijenga sanaa nzima ya tamthilia juu ya mwezi huo huo: sehemu thelathini kwa masiku thelathini, futari ikishaliwa. Bab al-Hara, iliyoanza mwaka 2006, haitoki katika mtaa mmoja wa Damascus wa zama za ukoloni wa Wafaransa. Ina mlango wa mtaa, kinyozi, muoka mikate, mabibi wa uani, na lahaja ya mji ule bila ya kuchujwa. Ulimwengu mzima wa Kiarabu uliitazama. Hakuna aliyeomba mtaa ule uhamishiwe Dubai ili upate kueleweka.

Nasi tunaonekanaje? Katika filamu na tamthilia za Bara nyumba ni ya ghorofa, ina geti na mlinzi, na pahala pake ni Mbezi au Mikocheni hata pale ambapo hapatajwi. Zanzibar huingia mara mbili: wapenzi wanapokwenda fungate ufukweni, na mgonjwa anapotafutiwa mganga, ambaye lazima awe Mpemba. Anayekuja kuzungumza kama sisi huwekwa pale ili achekwe. Sisemi kwamba hakuna aliyejaribu kuitendea pwani haki. Siri ya Mtungi, mwaka 2012, iliipa Bagamoyo uso wake, na Sultana ya Kenya, mwaka 2022, iliwekwa pwani na ikapendwa hadi bara. Watazamaji hawaikimbii pwani.

Hata hivyo ningekuwa mnafiki kuishia kuwalaumu jirani. Televisheni ya rangi ilifika Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara haikuwa na kituo chochote mpaka mwaka 1994. Tulikuwa mbele kwa miaka ishirini, tukiwa na kamera, na waigizaji, na utamaduni wa michezo ya jukwaani, na tumeutumia utangulizi huo kujizoeza kutazama vya wenzetu. Leo kasri ya Istanbul inazungumza Kiswahili, kwani Sultan ya Waturuki imetiwa sauti zetu na kuoneshwa Dar es Salaam, na bibi zetu wanawajua wake za Suleiman kwa majina kuliko wanavyomjua Rehema wa Mohamed Suleiman Mohamed.

Nyota ya Rehema ilichapishwa mwaka 1976. Ina shamba, ina mji, ina urithi na dhulma, na binti anayesukumwa kutoka mlango hadi mlango. Ukiigawa vipande thelathini hutahitaji kutia maji. Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, ilikuwa filamu mwaka 2021, na aliyeiongoza, Amil Shivji, alitokea Dar es Salaam. Nampongeza kwa dhati. Nauliza tu shirika letu la utangazaji lilikuwa likifanya nini miaka ishirini na miwili kitabu hicho kikiwa dukani.

Fedha hakuna, tutaambiwa. Uani wa Ng'ambo, baraza na kanga hazikodiwi kwa dola. Lianze shirika na riwaya moja, Ramadhani moja, saa tatu na nusu usiku, watu wakishatoka tarawehe na kahawa ikishamiminwa.