Orodha ya wakopeshaji wa simu ifike vijijini

Naomba nafasi katika ukurasa huu wa wasomaji ili nami nitoe maoni yangu kuhusu mikopo inayotolewa kwa njia ya simu, na jinsi vyombo vyetu vinavyosimamia fedha vinavyopaswa kukabiliana na jambo hili. Naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Mama mmoja wa hapa kijijini, muuza vitumbua, ambaye mtoto wake anasoma Darasa la Sita katika shule ninayofundisha, alinijia jioni moja na simu mkononi. Alikuwa anataka mkopo wa Sh. 50,000 anunue mchele na mafuta. Masharti yalikuwa kwa Kiingereza, akaniomba mimi mwalimu nimsomee. Nilikumbuka kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kwa simu bila leseni, na kuwaonya wananchi. Nikaitafuta orodha ile, nikaisoma yote, na jina la programu yake sikuliona. Nikamwambia, "Mama, hii haimo, ni salama." Basi kila programu ilipoomba ruhusa nikabonyeza kukubali, hata pale ilipotaka kusoma majina na namba zote zilizomo katika simu yake.

Mama yule aliingiziwa Sh. 35,000 tu. Zile 15,000 zilikatwa kwa jina la ada, naye akatakiwa arudishe 50,000 kamili baada ya siku saba. Mimi nafundisha Hisabati, na hesabu hiyo mwanafunzi wa Darasa la Saba anaiweza: ni nyongeza ya karibu asilimia 43 kwa wiki moja. Fedha hazikutimia. Siku ya nane ujumbe ukaanza kumiminika kwa watu: kwangu mimi, kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa wenzake wa VICOBA na hata kwa mkwe wake, ukimwita mwizi na kututaka tumwambie alipe. Mtoto wake alitaniwa na wenzake, akakaa siku nne bila kuja shule. Nilipowafuata nyumbani, mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwalimu, si ulisema ni salama?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike barua hii. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba asiyekuwamo katika orodha ya waliokatazwa ni mwenye leseni. Orodha ile ilikuwa ya haki na ilihitajika, lakini orodha ya wabaya haimaliziki. Programu ikifungwa leo kwa jina moja, kesho yaweza kurudi kwa jina jingine na rangi nyingine. Sisi shuleni hatuweki daftari la watoto wasio wetu, maana hatungelimaliza. Tunaweka daftari la walio wetu, na asiyeitwa asubuhi anajulikana mara moja kwamba ni mgeni.

Sisemi kwamba Benki Kuu imelala. Ipo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliyowapanga watoa huduma hizo katika madaraja manne, na wakopeshaji wasiopokea amana, wakiwamo hawa wa simu, wamo daraja la pili. Mwaka 2024 ukatolewa mwongozo kwa wakopeshaji wa simu kuhusu uwazi wa masharti, namna ya kudai madeni na kutunza siri za wateja. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Najua vilevile kwamba majina ya wenye leseni huwekwa katika tovuti ya Benki Kuu. Sheria basi tunazo. Linalobaki ni zimfikie muuza vitumbua kabla hajabonyeza, wala si baada ya kuaibishwa.

Ndugu Mhariri, tulikwisha kufaulu mara moja katika jambo kama hili. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoingia nchini mwaka 2008, hapakuwa na sheria maalumu juu yake. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ilikuja mwaka 2015. Kwa miaka ile saba Benki Kuu haikuizuia huduma hiyo, wala haikuiachia ijiendee ovyo. Ilitaka fedha za wateja ziwekwe benki katika akaunti maalumu ya amana, mbali na fedha za kampuni yenyewe, ili kampuni isije ikazitumia kama mali yake. Teknolojia iliendelea kubadilika, lakini penye hatari palikuwa pameshikwa. Leo mkulima wa hapa kwetu anapokea malipo ya alizeti kwa simu bila wasiwasi.

Kwa maoni yangu, hilo ndilo somo kwa msimamizi wa fedha. Akikimbizana na kila jina jipya atachoka. Atafute mahali ambapo hatari haina budi kupita, apashike hapo. Kwa mikopo ya simu mahali hapo ni pawili.

Kwanza ni njia ya fedha. Mkopeshaji wa namna hii, hata awe amejificha ng'ambo, kwa kawaida hawezi kumfikishia mwanakijiji mkopo wala kupokea marejesho bila kupitia katika kampuni za simu au benki, nazo zote zina leseni na zinajulikana. Basi zikatazwe kabisa kumpitishia fedha mkopeshaji yeyote asiyeonyesha leseni ya kukopesha, na zikipitisha ziwajibike. Mnyonyaji akikatwa mrija huu, kubadili jina hakutamfaa kitu.

Pili ni majina yaliyomo katika simu ya mkopaji. Fedheha ndiyo dhamana anayoitegemea mkopeshaji wa aina hii, kwa kuwa shamba la mama yule hakulishika wala ng'ombe hakuchukua. Wenzetu wa Kenya walilitazama jambo hili. Sheria yao ya Desemba 2021 iliipa Benki Kuu yao mamlaka juu ya wakopeshaji wa simu, na kanuni za Machi 2022 zikawakataza kuwatisha wateja na kuwasumbua watu ambao namba zao zimo katika simu za wateja hao. Ilipofika Septemba 2022, kati ya maombi 288 ni wakopeshaji 10 tu waliokuwa wamepewa leseni, na majina yao yakatangazwa. Hapo mwananchi alikuwa na majina kumi ya kukumbuka, wala si mamia ya kukwepa.

Napendekeza basi orodha ya wenye leseni ibandikwe katika ubao wa matangazo wa kila ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, na ibadilishwe kila robo mwaka. Masharti ya mkopo yaandikwe kwa Kiswahili, yakionyesha kwa shilingi fedha atakazopokea mtu na fedha atakazorudisha. Tena pawepo namba fupi ya simu isiyotozwa, ya kuuliza kama mkopeshaji fulani ana leseni na ya kupeleka malalamiko, maana tovuti haimsaidii mtu ambaye bando lake limekwisha. Halmashauri zetu tayari zinasimamia vikundi vya kijamii vya daraja la nne. Hao hao maofisa wanaweza kuyapokea malalamiko haya na kuyafikisha panapohusika.

Wapo watakaosema programu hizi zifungwe zote. Mimi siafiki. Benki iko mbali na vijiji vingi, mbolea haimsubiri mtu, na VICOBA haiwezi kumpa kila mwanachama mkopo siku moja. Mkopo wa simu wenye riba ya haki ni msaada wa kweli. Tunachotaka ni mkopeshaji anayejulikana, anayedai kwa heshima.

Deni la mama yule lilikwisha kulipwa. Nusu nilitoa mimi, kwa kuwa kidole kilichobonyeza kilikuwa changu, na mtoto amerudi darasani. Lakini jana jirani yake naye amenijia na simu mkononi, akitaka nimwambie kama programu nyingine ni salama. Nimemwambia asubiri kwanza, maana sina ubao wa kumwonyesha. Sijui atasubiri mpaka lini.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Singida Vijijini.