Masizi ya Kubahatisha

Kichwa cha treni cha mfano kikitoka kwenye boksi hung'aa mno, basi wengi wanaojenga reli ndogo nyumbani hukimbilia brashi: kutu hapa, masizi pale, ili kionekane kimefanya kazi. Sina ugomvi na masizi. Ugomvi wangu ni masizi ya kubahatisha. Asiyejua anaunda kichwa kipi, cha mwaka gani, hajakiongezea uhalisia, amekichafua tu.

Chukua Garratt za klasi ya 59 za Reli za Afrika Mashariki, vichwa 34 vya mvuke vilivyoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock huko Manchester mwaka 1955 na 1956, vikapewa majina ya milima yetu. Kimoja, Mount Gelai, kipo hadi leo katika Makumbusho ya Reli Nairobi. Vilichoma mafuta, si makaa. Anayebandika vipande vya makaa nyuma ya chumba cha dereva amekosea kabla hajafungua kopo la rangi. Baadaye vilifungwa bomba la moshi la Giesl, refu na jembamba ukilitazama kutoka juu, kwa hiyo bomba la duara lina miaka yake. Na reli ilikuwa ya mita moja, yaani karibu mm 12 kwa kipimo cha 1:87. Ukiweka kichwa hiki kwenye njia ya mm 16.5 iliyozoeleka madukani, umekihamishia reli pana ya SGR bila kujua. Hata uchafu una kanuni: maji yenye chokaa huacha michirizi myeupe inayoshuka wima kuanzia pale mvuke unapovuja. Rangi iliyozimuliwa sana hupakwa, kisha hufutwa kutoka juu kwenda chini, ibaki pembeni na kuzunguka ribiti tu.

Wapo watakaosema huu ni mchezo, kila mtu na starehe yake. Sawa, lakini anayedai uhalisia amejifunga mwenyewe. Hoja nzito zaidi ni bei: kichwa kilichopakwa hupoteza thamani kwa wakusanyaji. Hilo sibishi, anayenunua ili auze asikiguse. Wengine watauliza kwa nini tuienzi reli ya mkoloni. Vichwa hivi viliendelea kuvuta mizigo baada ya uhuru, mikononi mwa madereva na mafundi wa hapa, na masizi yanayoonekana kwenye picha za miaka hiyo ni jasho lao.

Kwa hiyo kabla ya kuchovya brashi, tafuta picha za kichwa chenye namba hiyohiyo. Na kama mtaani kwenu yupo mzee aliyefanya kazi reli, kamuulize yeye kwanza.