Aliyefungua shimo apande miti

Ndugu wachimbaji, mama zetu na vijana wa Misisi, Lubichako, Fizi na Baraka,

Tuseme ukweli. Kila shimo tunalofungua linakula miti. Kuta zinashikiliwa na mikalitusi, nayo inatoka kwenye mashamba ya watu. Zamani tulikata karibu na kambi. Leo wabebaji wanaitafuta mbali, na bei inapanda. PDG wa shimo akiona bei, anapunguza miti. Anayechimba chini ya kuta hizo si yeye, ni sisi.

Sasa kuna shida ingine. Tumeona mikalitusi michanga yenye majani yaliyojikunja, na vinundu kwenye mshipa wa jani. Vinafanana na vile vya kadudu kalikoonekana Kenya na Uganda toka 2002. Kadudu hako ni kama nyigu mdogo sana, kanataga mayai ndani ya jani changa; mti unadumaa, unapinda. Mti uliopinda haushikilie shimo.

Kadudu hako kanasafiri na miche. Kwa hiyo tusinunue miche bila kuiangalia. Ukiona vinundu, usipande: ng'oa, choma. Machipukizi ya visiki nayo tuyaangalie, juu ni laini na kadudu kanayapenda. Tena tusipande mikalitusi peke yake. Tuchanganye na grevilea na sedrela, ugonjwa mmoja usitumalizie vyote. Na karibu na chemchemi tusiipande, inakunywa maji mengi.

Nani apande? Bamoja wanasema serikali, wengine wanasema mwenye shamba. Lakini Sheria ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamdai hata mchimbaji wa mikono alinde mazingira. Sisi wa sindika tunasema: aliyefungua shimo apande. PDG atoe makuta ya miche, koperative isimamie pepinieri, na sisi tutoe mikono, salongo siku moja kila mwezi. Mti mmoja ukikatwa, miwili ipandwe. Kisha mwaka mmoja tuhesabu iliyo hai, si ile iliyopigwa picha siku ya kupanda.

Sisi pia tuko na makosa. Miaka mingi tumegombania bei ya dhahabu, mambo ya miti hatukuyaweka kwenye mkutano hata mara moja. Mkutano unaokuja, mbele ya kuongea bei, tuulize kwanza: pepinieri yetu iko wapi?